504 yetu ilinoki mara mbili

Mlio niliusikia kabla hata taa ya oili haijawaka. Ngo, ngo, ngo, mzito, unatoka chini kabisa karibu na miguu, ukikanyaga mafuta unakazana, ukiachia unalegea kidogo halafu unarudi. Nikazima injini hapo hapo gari ikiwa bado inaserereka, nikaisogeza pembeni, nikabaki nimeshika usukani sisemi kitu. Kilomita 412 tangu ovahoo, yaani tangu ifunguliwe na kufungwa upya. Injini iliyoshushwa, ikachongwa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ikawekwa beringi mpya (vipande vya nusu duara ambamo kranki inazunguka), ikapandishwa, imenoki tena, yaani inagonga kwa ndani, kabla hata oili ya kwanza haijamwagwa.

Ni Peugeot 504 ya petroli, injini ya 1971cc, gari ya baba, ambayo naijua tangu nikiwa nasimama nyuma katikati ya siti mbili za mbele. 504 zilitoka 1968 na mwaka uliofuata zikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya, na ukishalala chini ya moja ndio unaelewa kwa nini watu wanazipenda mpaka leo, kila kitu kimewekwa kwa mtu atakayekuja kukifungua siku moja. Injini yake ni bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu, kranki imekalia beringi tano za mein, zile zinazoishikilia kwenye bloku, na silinda zake ni slivu, mabomba ya chuma yanayochomekwa na kuchomoka. Yaani maji ya rejeta yanaigusa slivu yenyewe kwa nje, hakuna ukuta mwingine katikati, na kule chini slivu inakalia sili nyembamba tu ambayo ndiyo inayoyazuia maji yasiangukie kwenye oili. Hiyo sili naomba uikumbuke maana tutarudi kwake.

Mara ya kwanza iliponoki nilifanya ambacho wengi wanafanya. Nikaipeleka gereji moja, nikawaambia inagonga, wakashusha injini, wakasema beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, zimekwisha, kranki ikachongwe, zije beringi za saizi inayofuata, ifungwe. Hakuna aliyeuliza zimekwishaje. Na mimi sikuuliza, niliona jibu si limeshapatikana, beringi zimekwisha basi ziwekwe mpya. Za zamani zikatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu siku ile ile. Bloku ikapuliziwa dizeli kwa nje, pistoni na slivu zikaachwa kwa sababu kwa macho zilionekana bado nzuri, hedi ikatolewa kusagwa valvu, kranki ikarudi inang'aa kama kioo, wakafunga. Na kuna kitu nilikiona siku ile bila kujua ninachokiona: kijana mmoja alikuwa anazungusha kranki kwa spana ndefu, hedi imeshatoka, pistoni zinapanda na kushuka ndani ya slivu, na slivu zenyewe zimekaa wazi hazijabanwa na chochote. Nikapita zangu.

Sasa mara ya pili sikurudi kule. Sio kwa hasira, hasira nilikuwa nayo ya kutosha kwa kweli, ila nilishaona kwamba nikipeleka injini ile ile kwa maelezo yale yale nitarudishiwa majibu yale yale. Kuna mzee mmoja fundi ambaye alishaacha kazi za gereji miaka mingi, 504 na 404 amezifungua kuliko anavyoweza kuhesabu, nikamfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wanasema umeua injini."

"Imenoki mzee, na ni mara ya pili."

"Ya kwanza ilinoki kwa nini?"

Nikakaa kimya. Akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi hujatengeneza injini wewe, ulibadilisha vyuma tu. Usifungue hata bolti moja mpaka nije."

Alipokuja alianza na oili. Gari ilikuwa imelala pale tangu siku mbili, na akanikataza kuiwasha hata kwa sekunde moja. Akaweka beseni jeupe chini, akalegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taratibu sana, nusu raundi kisha robo nyingine, bila kuitoa. Cha kwanza kutoka hakikuwa oili. Yalikuwa maji, ya kijani yaliyofifia, yakatiririka kama kikombe kizima hivi kisha ndio ikaja oili yenyewe, imekuwa kama chai ya maziwa. Maji ni mazito kuliko oili, gari ikilala yanakwenda chini, kwa hiyo ukifungua kwa pupa yote yanamwagika kwa pamoja na unaukosa huo ushahidi. Akachovya kidole kwenye beseni akakigeuza juani. Vumbi la rangi ya shaba lilikuwa linametameta kwenye ncha ya kidole.

"Maji yanaingilia wapi?" akauliza. Nikasema gasketi ya hedi. Akasema inawezekana, lakini usijibu kwa mdomo, iulize yenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kipimo ambacho natamani kila mwenye injini ya slivu za kuchomoka akijue kabla hajaruhusu mtu afungue hedi. Tulishusha injini ikiwa nzima, hedi yake juu, tukaining'iniza kwenye kreni, tukatoa sampu. Tukaziba njia zote za maji, tukaacha moja ya kuunganishia ile pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta. Tukajaza maji, tukapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, basi. Nikachukua kipande cha boksi, nikakichora miraba minne nikaandika namba za silinda, nikakiweka chini ya injini, tukakaa. Mzee kwenye kigoda, mimi chini kwa magoti na tochi. Dakika tano hakuna kitu. Dakika kumi mshale wa pampu umeshuka kidogo sana mpaka nikadhani macho yangu. Halafu nikaona kwenye ukingo wa chini wa slivu ya tatu kuna kitu kinang'aa, kinavimba polepole, kinakuwa tone, linaning'inia pale linatetemeka, halafu tap, kwenye mraba namba tatu.

Nilimuita mzee kwa sauti utafikiri nimeokota dhahabu. Na kiukweli ilikuwa dhahabu, maana kama tungeng'oa hedi kwanza lile tone nisingeliona maisha yangu yote, ningebadilisha gasketi ya hedi, ningefunga, na maji yangeendelea kudondoka kule chini kimya kimya.

Ndipo nikamweleza kuhusu yule kijana na spana ndefu. Mzee akashika kichwa. Slivu za aina hii zinashikiliwa na hedi tu, ukishatoa hedi hakuna kinachozikandamiza chini. Ukizungusha kranki pistoni inapanda na ringi zake zimebana ukuta wa slivu, kwa hiyo slivu inanyanyuka nayo, hata kama ni kiasi ambacho jicho halioni, na ile sili ya chini ambayo imekaa miaka na kushikana na chuma inaachia. Ikishaachia hairudi. Ndio maana hata hedi yenyewe kwenye injini hizi hainyanyuliwi moja kwa moja kwenda juu, unaitikisa kwanza kwa pembeni iachane na slivu, na kabla ya kugusa kranki unaweka vibanio juu ya slivu.

Basi tukaanza kufungua. Nilipiga picha kila hatua na kila kitu nilikiweka kwenye mfuko wake na kuandika, tapeti zote nane, vile vyuma vinavyosukumwa na kamshafti ili valvu zifunguke, kila moja na tundu lake kwa sababu tapeti na kamshafti vinaendana kwa kulana, ukizichanganya unaanza ulaji mpya. Kingine cha kuangalia kwenye injini hii, silinda namba moja iko upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa gia boksi, sio upande wa feni. Fundi asiyejua hilo ataandika namba kinyume kuanzia mwanzo na hatajua mpaka siku ya kufunga.

Beringi zilipotoka mzee alitandika kitambaa cheupe mezani, tukazipanga kwa mstari, vipande vya juu kwa juu vya chini kwa chini, kila kimoja mbele ya namba yake. Tulikaa pale nadhani saa zima bila kushika spana. Beringi ya namna hii ukiitazama kwa pembeni ni tabaka, mgongo wa chuma, juu yake tabaka lenye shaba, na juu kabisa ngozi laini ya kijivu nyembamba mno, ndiyo inayoilinda kranki. Ukiona rangi ya shaba imejitokeza ujue ile ngozi imeshaliwa. Za konrodi vipande vya juu ndivyo vilivyoumia zaidi, na ni haki yake kwa sababu mlipuko unasukuma konrodi kwenda chini kwa hiyo kipande cha juu ndicho kinachobeba mzigo, wakati kwenye mein ni kinyume, kipande cha chini ndicho kinachopigwa. Hayo ni ya kawaida. Lakini hizi zilikuwa na mambo mawili ambayo sio ya kawaida. Kwanza zote, sio moja, zilikuwa na madoa meusi meusi kama zimeungua na asidi, huo ni mkono wa maji ya rejeta, ile dawa iliyomo ndani yake ikichanganyika na oili inakula ile ngozi laini na oili yenyewe inapoteza utelezi. Pili, ukiinamisha beringi kwenye mwanga unaona vichembe vimezama ndani yake, kila kichembe kimezungukwa na kiduara kidogo kinachong'aa. Hicho ni kipande cha chuma kilichopita na oili kikajizika pale.

Beringi ya konrodi ya tatu haikuwa beringi tena, ilikuwa imezunguka ndani ya kiti chake, imekuwa nyembamba kama karatasi, na konrodi yenyewe shingoni ilikuwa na rangi ya bluu ya moto.

"Maji nimeyaelewa mzee," nikasema, "lakini hivi vichembe vimetoka wapi, si filta ilikuwa mpya?"

Akaniuliza filta iko wapi kwenye safari ya oili. Nikawaza. Oili inanyonywa na pampu kutoka kwenye sampu, inapita kwenye filta, inaingia kwenye njia kuu ndani ya bloku, kutoka hapo inagawanyika kwenda kwenye mein, na kutoka mein inapita kwenye vitundu vilivyotobolewa ndani ya kranki mpaka kwenye konrodi. Kwa hiyo uchafu wowote ambao umeshakaa kwenye ile njia kuu au ndani ya kranki umeshaivuka filta. Hakuna wa kuuzuia tena. Uko nje tu ya mlango wa beringi.

Na uliingiaje? Mara ya kwanza iliponoki, beringi zilisagika, ungaunga wake ukajaza filta, na filta ikijaa ina kivalvu kinachofunguka ili injini isikose oili kabisa, kwa hiyo oili ikapita na taka zake. Ukiongeza na vumbi la jiwe la kuchongea kranki ambalo linaingia kwenye vile vitundu siku ya kuchonga, basi tulifunga beringi mpya juu ya mchanga. Kuipuliza bloku dizeli kwa nje hakugusi kitu humo ndani.

Kwenye ncha za njia kuu ya oili kuna vizibo. Vyetu vilikuwa havijawahi kufunguliwa, nadhani tangu kiwandani. Kimoja kilitoka kwa kupashwa moto na kugongwa, kingine tulikitoboa tukakivuta. Nikachukua brashi ndefu ya waya, nyembamba, ile ya kusafishia mitutu, nikaichovya kwenye mafuta ya taa nikaisukuma ndani. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa imevaa uji mweusi mzito kama grisi, na ndani ya uji shaba inametameta. Nilirudia. Nikarudia tena. Mara ya kumi na mbili hivi ndio kitambaa nilichokuwa nafutia kikaanza kutoka na rangi yake. Baada ya hapo maji ya moto na sabuni, kila tundu, kisha kompresa, kisha oili nyepesi papo hapo kwa sababu chuma kitupu kikishalowa kinaota kutu wakati unakiangalia.

Kranki tuliipeleka kuchongwa saizi ya pili na safari hii nilikwenda mwenyewe na masharti. Ipimwe nyufa kwanza kwa sumaku kabla jiwe halijaigusa, maana hakuna faida ya kuchonga chuma kilichopasuka. Zile kona za duara pale shingo inapokutana na bega zibaki za duara, usizifanye kona kali, ufa wa kranki unaanzia hapo. Na midomo ya vitundu vya oili ilainishwe. Yule bwana wa lezi alikuwa mtu makini, alinisikiliza, na kazi yake nilipoipima kwa maikromita ilikuwa safi kila shingo. Akanikabidhi akaniambia imeshaoshwa. Nikamshukuru, nikaipeleka nyumbani, nikachukua ile brashi yangu nikaipitisha kwenye vitundu vya kranki ambayo imeshaoshwa. Ilitoka na tope la kijivu. Yule bwana hakunidanganya, aliiosha kweli, ila aliosha kinachoonekana.

Konrodi ya bluu tulitafuta nyingine ya uzito sawa na wenzake, hatukutaka kujaribu bahati na chuma kilichoungua. Bolti za konrodi zote mpya. Slivu na pistoni seti nzima mpya, milimita 88. Hedi ilisawazishwa, valvu zikasagwa upya, cheni ya taiming ikabadilishwa, huko hakukuwa na shida yoyote ya kusimulia.

Kilichochukua siku ni viti vya slivu. Pale slivu inapokalia ndani ya bloku kulikuwa na ukoko wa kutu na chokaa wa miaka yote hiyo, na slivu mpya ukiikalisha juu ya ukoko itakaa upande. Nilisugua kwa mkono, hakuna mashine, jioni tatu mfululizo, tochi mdomoni, mpaka chuma kikawa cheupe duara zima. Halafu ndio kupima. Slivu ikishakaa juu ya sili yake inatakiwa ichomoze juu ya bloku kidogo, ni sehemu chache tu za mia za milimita, ili hedi ikikazwa iikandamize. Ikizama gasketi haibani, ikichomoza moja kuliko jirani yake hedi inakaa juu ya hiyo moja na nyingine zinavuja. Sili zinatoka kwa unene tofauti, kwa hiyo unaweka, unapima kwa dayal geji sehemu nne kuzunguka mdomo, unatoa, unajaribu nyingine. Slivu ya pili ilinikatalia kabisa, upande mmoja ilikuwa juu kuliko upande wa pili, nikaitoa nikakuta kijiukoko kidogo kuliko mbegu ya ufuta kwenye kiti nilichoapa kimeshakuwa safi. Zilipokubali zote nne, kabla ya kufanya kitu kingine chochote nikazibana kwa vipande vya bomba na washa kubwa na bolti, na vile vibanio havikutoka mpaka siku hedi inapanda.

Ringi nilizipima moja moja. Unaisukuma ringi ndani ya slivu kwa pistoni ili ikae sawasawa, unapitisha fila, lile bamba jembamba la kupimia, kwenye mwanya wake. Kwa silinda ya saizi hii mwanya wa milimita 0.35 hivi ni mzuri, ukibana sana ringi ikipata moto inatanuka ncha zinagongana na inavunjika au inachana slivu. Mbili zilikuwa zimebana, nikazipiga tupa ncha moja tu, kidogo kidogo.

Kwenye beringi nilitumia plastigeji, ule uzi laini wa plastiki unaoulaza juu ya shingo ya kranki, unafunga kepu na kukaza kwa toki renchi (spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza) bila kuzungusha kranki, unafungua, unapima umesagika upana gani. Tulikuwa tunatafuta milimita 0.05, wembamba kuliko unywele wa mtu, na nafasi hiyo ndiyo oili inayoibeba kranki nzima. Mein zote tano zikaja karibu hapo hapo. Konrodi ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya nne ikasoma 0.02. Nikataka kusema labda nimekosea kulaza uzi. Mzee akasema itoe beringi yenyewe uiangalie mgongoni. Nikaitoa. Nyuma ya beringi, kati yake na konrodi, kulikuwa na uzi mmoja wa kitambaa, ule wa kufutia, na kichembe kimoja cha uchafu kimeshikana nao. Nikafuta kwa kidole kitupu, nikarudisha, ikasoma 0.05. Ningeifunga vile ilivyokuwa ningepata siku chache za furaha halafu ngo ngo ngo. Kuanzia hapo vitambaa vyote vya manyoya vilitoka kwenye chumba.

Kufunga mein ulikuwa mwendo wa kaza kepu moja, zungusha kranki kwa mkono, kaza nyingine, zungusha. Ikigoma unajua ni ile uliyotoka kukaza. Haikugoma popote. Kranki ikiwa peke yake pale, oili ya kufungia imepakwa, niliisukuma kwa vidole viwili ikazunguka raundi na kidogo ikasimama polepole bila sauti, na mzee ambaye muda wote huo hakuwa amesifu kitu akasema, "Eeh."

Kabla ya kuwasha niliweka geji ya oili yenye mshale, ile taa peke yake siitaki tena, taa inakuja kukuambia wakati mambo yameshaharibika. Tukatoa plagi zote ili injini izunguke bila mzigo, tukapiga stata kwa vipindi vifupi. Sekunde kumi, pumzisha. Kumi, pumzisha. Mshale haujasogea na mimi moyo uko kooni. Mara ya nne ukashtuka, ukanyanyuka, ukapanda ukakaa. Tukajaza oili ilipopungua, tukarudisha plagi, mpangilio wa 1-3-4-2 kwa kuhesabu kutoka kwenye flaiwili, nikageuza ufunguo.

Iliwaka mara ya pili. Ilikohoa, ikatoa moshi wa ile oili ya kufungia, ikachanganya. Nilikuwa nimeinamisha sikio chini ya dashibodi natafuta ule mlio na sikuusikia, nilisikia cheni, nikasikia valvu zinachezacheza, nikasikia feni. Hatukuiacha kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, muda mrefu, tuliishika kwenye raundi za kati mpaka ikapata moto, tukazima, tukaiacha ipoe kabisa mpaka kesho yake, tukakaza hedi tena na kupima valvu. Baada ya hapo barabarani, kupanda nayo kilima kwa gia ya tatu kisha kuachia mafuta, kupanda kisha kuachia, maana ringi mpya zinakaa kwa mzigo sio kwa kubembelezwa.

Oili ya kwanza nilimwaga kilomita 100, ya pili 500. Kila mara nalegeza nati ya sampu vile vile, nusu raundi kisha robo, baada ya gari kulala usiku kucha, naangalia kinachotangulia. Oili. Na filta ya kilomita 500 niliikata kwa msumeno wa chuma, nikalikunjua lile karatasi lake lote mezani kwenye jua kama mkeka, nikapitisha sumaku, nikapitisha kidole. Kulikuwa na vumbi kidogo la kijivu la ringi zinazokaa, hilo lazima liwepo. Rangi ya shaba hakuna. Nikamuita mzee aje kuona, akavaa miwani, akalipitia karatasi lote mkunjo kwa mkunjo kama anasoma gazeti.

Sasa iko kilomita 2,960. Ikiwa moto kabisa, kwenye sailensa, mshale unasimama juu ya baa 1.5 na hautikisiki. Beringi zilizokufa bado ninazo, ziko kwenye boksi zimefungwa na karatasi kila moja na namba yake, ya tatu iliyokuwa nyembamba iko juu kabisa. Wiki ijayo nataka kuigusa gia boksi, kuna oili inatoa kidogo upande wa nyuma, na mzee ameshaniuliza inatokea wapi.